Oili ya sintetiki kwenye pikapu za dizeli: wapi inasaidia, wapi unatupa pesa

Kila tunapofungua simu katika kipindi chetu cha magari, kuna swali ambalo halikosi. Msikilizaji anauliza: ile oili ya bei kubwa iliyoandikwa sintetiki, nikiweka kwenye pikapu yangu ya dizeli, nitapata faida au nitakuwa nimemtajirisha mwenye duka tu? Majibu yanayofuata hewani huwa yanagongana. Mmoja anasema tangu aanze kuitumia gari linawaka mara moja hata asubuhi za Julai. Mwingine anasema ilimfungulia mlango wa kuvuja, na gereji imekuwa nyumbani kwake. Wa tatu, ambaye tutamrudia hapa chini, anasema imemgharimu injini nzima.

Dakika za redioni hazitoshi kuliweka sawa jambo hili, ndiyo maana tumeliandika. Tumeongea na madereva na mafundi wa huku Nyanda za Juu Kusini, kuanzia wanaobeba mbao Mafinga hadi wanaoshusha viazi kutoka Makete, na hapa tumeunganisha maneno yao na maelezo ya kitaalamu kuhusu oili yenyewe.

Neno sintetiki lina maana gani

Oili yoyote ya injini ina sehemu mbili: oili ya msingi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya kilichomo kwenye dumu, na kemikali zinazoongezwa ili kuosha masizi, kupunguza asidi, kuzuia kutu na kulinda vyuma vinavyosuguana. Oili ya kawaida, ambayo mafundi wengi huiita mineral, hupatikana kwa kusafisha mafuta ghafi. Chembe zake hazilingani; zipo kubwa na ndogo, na nta kidogo hubaki. Ya sintetiki hutengenezwa au kubadilishwa kwa kemia hadi chembe zake zikawa karibu sawa. Matokeo yake ni kwamba haigandi haraka kwenye baridi, haiungui haraka kwenye joto kali, na haipungui sana kwa kugeuka mvuke.

Taasisi ya mafuta ya Marekani, API, imegawa oili za msingi katika makundi 5. Kundi la 1 na la 2 ni mineral. Kundi la 3 nalo hutoka kwenye mafuta ghafi, lakini limepitishwa kwenye haidrojeni kwa joto na shinikizo kubwa mpaka likabadilika sana. Kundi la 4 linatengenezwa kiwandani kutoka gesi, na la 5 ni yale mengine yote, zikiwemo esta. Zamani walioitwa sintetiki ni kundi la 4 na la 5 tu. Katika miaka ya 1990 Castrol walianza kuuza oili ya kundi la 3 kwa jina la sintetiki, Mobil wakalalamika, na mwaka 1999 chombo cha Marekani kinachosuluhisha migogoro ya matangazo kikakubali kwamba Castrol wanaweza kuliita hivyo. Tangu hapo neno hilo likawa pana. Madumu mawili yanaweza kuandikwa sintetiki yote, na ndani yake yakawa na vitu tofauti kabisa.

Kwa hiyo neno kubwa la mbele ya dumu lisikubabaishe. Geuza dumu, soma nyuma.

Nyuma ya dumu

Kuna mambo mawili ya kutafuta. La kwanza ni namba za uzito, kwa mfano 15W-40 au 5W-30. Herufi W ni ya neno la Kiingereza la majira ya baridi, wala si uzito kama wengi wanavyodhani. Namba iliyo kabla yake inaeleza oili inavyokwenda injini ikiwa ya baridi, na ya mwisho inaeleza ilivyo injini ikishapata moto, kwa kipimo cha nyuzi 100. Oili ya 5W-40 na ya 15W-40 zikishapata moto zina uzito wa kundi moja. Tofauti yao ni wakati wa kuwasha. Lakini 5W-30 ni nyepesi hata ikiwa ya moto. Hapo ndipo mtu anapokosea: anatoka kwenye 15W-40 anaingia kwenye 5W-30 akidhani amebadilisha ubora, kumbe amebadilisha na uzito. Kama kitabu cha gari lako kinairuhusu 30, sawa. Kama hakiiruhusu, usikubali kwa sababu muuzaji amesema ndiyo ya kisasa.

La pili ni daraja la API. Herufi S ni za injini za petroli, na C ni za dizeli. Kwa pikapu ya dizeli utaona CF-4, CH-4, CI-4 au CK-4, na herufi ya pili inavyokwenda mbele ndivyo oili ilivyo mpya. CK-4 ilianza kutumika Desemba 2016. Hapa tuseme wazi msimamo wetu: mineral yenye CI-4 halisi ni bora kwa pikapu yako ya dizeli kuliko sintetiki yenye daraja la petroli pekee. Tumeona watu wakinunua oili ya gari dogo la petroli, ghali kabisa, na kuimimina kwenye dizeli inayobeba tani.

Asubuhi ya Makete na jioni ya Kitonga

Wanaoisifu oili hii wana hoja, na hoja yao inaonekana zaidi kwenye mikoa yetu kuliko Dar es Salaam. Anayeijua Kitulo anajua kwamba asubuhi za Juni na Julai barafu hulala kwenye majani. Injini iliyolala nje usiku kucha ikiwashwa, oili hukaa chini kwenye sampu na inahitaji kusukumwa hadi juu kwenye kichwa na kwenye turbo. Sekunde hizo za kwanza ndizo vyuma husuguana zaidi. Oili ya 5W hufika mapema kuliko ya 15W. Dereva mmoja wa kampuni ya misitu huko Mufindi alituambia kwamba kabla ya kubadilisha alikuwa akisikia injini ikigonga kwa muda kila asubuhi, na sasa mlio huo unapotea karibu mara moja. Tunamwamini, kwa sababu ndivyo inavyotarajiwa.

Lakini tusipitilize. 15W imetengenezwa iweze kuzungushwa na stata hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na sisi hatujafika huko wala hatutafika. Huku kwetu 5W ni nafuu kwa injini. Si suala la kufa na kupona.

Upande wa joto una uzito zaidi kwetu. Fikiria pikapu imepakia, inatoka Ruaha Mbuyuni bondeni ambako hewa yenyewe ni moto, inaanza kupanda Kitonga kwa gia ya pili nyuma ya lori. Turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, upande mmoja inapigwa na moshi wenye joto la mamia ya nyuzi, na kinachoilinda na kuipoza ni oili inayopita kwenye kijitundu chembamba. Oili dhaifu huungua hapo na kuacha ukoko mweusi mgumu. Ukoko ukijenga, kijitundu kinaziba, na turbo inakufa. Hapa sintetiki inashinda kwa haki, wala hatuna ubishi.

Hata hivyo mafundi wote tuliozungumza nao walisisitiza jambo ambalo halina gharama: ukimaliza kupanda mlima, usizime injini papo hapo ukakimbilia mahindi ya kuchoma. Iache ingurume bila kukanyaga mafuta kwa dakika 1 au 2 ili oili iendelee kupita wakati turbo inapoa. Fundi mmoja wa Ilula alicheka aliposema hivyo. Kwake, wauza mahindi wameua turbo nyingi kuliko oili mbaya.

Hesabu iliyomponza dereva wa viazi

Sasa turudi kwa yule wa tatu. Ni kijana anayebeba viazi, na pikapu aliinunua kwa mkopo. Alishauriwa dukani anunue oili ya sintetiki, na kwenye dumu paliandikwa kwamba inaweza kwenda hadi kilomita 15,000. Alipiga hesabu, na sisi tumeirudia hapa kwa bei za mfano ili uione.

Tuseme injini yake inachukua lita 7. Mineral ni shilingi 10,000 kwa lita, chujio la oili ni 20,000. Kila sevisi ni 90,000, na akibadilisha kila kilomita 5,000, kwa kilomita 15,000 atakuwa ametumia 270,000. Sintetiki tuseme ni 28,000 kwa lita. Lita 7 pamoja na chujio ni 216,000. Akibadilisha mara moja tu kwa kilomita 15,000, ameokoa 54,000, na ameokoa na siku mbili za kukaa gereji. Hesabu ni sahihi. Bei zinaweza kuwa tofauti kwako, ila sura ya hesabu ni hiyohiyo: sintetiki haikuokolei pesa mpaka urefushe muda wa kuibadilisha. Ukiibadilisha kila kilomita 7,500, kwa safari ileile ya 15,000 umelipa 432,000, yaani 162,000 zaidi ya mwenzako wa mineral.

Akaenda. Kwenye kilomita kama 11,000 taa ya oili ikaanza kumulika kwenye miteremko, kisha inazima. Akapima, oili ilikuwa chini kidogo, akaongeza lita 1 ya aina nyingine, akaendelea na msimu. Wiki chache baadaye turbo ililia kama filimbi, moshi wa bluu ukatoka, na kabla hajafika Njombe mjini injini ikanoki.

Fundi alipofungua sampu alikuta tope jeusi zito, na ile neti ambayo pampu hufyonzea oili ilikuwa imezibwa nusu na zaidi. Oili ilikuwepo, ila haikupita. Zile washa za kopa zinazokaa chini ya nozeli zilikuwa zimechoka, kwa hiyo moshi wa mwako ulikuwa ukipenya na kuingia kwenye oili kila siku, ukiigeuza kuwa masizi. Chujio la hewa lilikuwa na vumbi hadi upande wa ndani.

Je, oili ndiyo ilimuua? Yeye anaamini hivyo, na hatumlaumu kwa hasira yake. Sisi tunaona vinginevyo. Oili yoyote, ya bei yoyote, ina kiasi fulani tu cha masizi inachoweza kubeba bila kuyaacha yashuke. Vumbi nalo halijali kama oili ni sintetiki. Chembe ya mchanga inakwangua silinda vilevile. Kile kipimo cha kilomita 15,000 ni cha gari lenye afya linalotembea barabara safi kwa mwendo wa kawaida. Vitabu vya magari huwa na ukurasa mwingine, ule ambao hausomwi, unaosema kwamba kwa vumbi, mizigo, milima na safari fupifupi, muda wa kubadilisha unapunguzwa, mara nyingi hadi nusu. Barabara ya shambani kuelekea Makete ina vyote hivyo kwa pamoja. Na neno "hadi" kwenye dumu ni neno dogo lenye madhara makubwa.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa ile taa. Taa ya oili ikimulika hata mara moja, simama. Haisemi tu kwamba oili imepungua. Inasema presha haipo, na bila presha vyuma vinagusana. Kijana huyu sasa anaendesha gari la mtu mwingine, na mkopo bado anaulipa.

Magari ya zamani na hadithi ya kuvuja

Pikapu zenye injini za zamani zisizo na turbo, kama zile Hilux za 2L, 3L na 5L, bado ni nyingi vijijini, na wenye nazo ndio hulalamikia kuvuja. Mzee mmoja wa Ilembula aliweka sintetiki kwenye ya kwake, na baada ya wiki 3 akaona matone chini kila asubuhi. Aliporudi 15W-40 ya kawaida, matone yakapungua.

Kuna ukweli ndani ya malalamiko hayo. Oili za sintetiki za miaka ya mwanzo ziliweza kuzifanya sili za mpira zikauke na kusinyaa; za sasa zimewekewa kemikali za kuzuia hilo. Kinachotokea siku hizi ni kwamba oili hii inasafisha, na uchafu wa miaka 20 ulikuwa ndio umeziba nyufa za sili. Uchafu ukitoka, sili iliyokwisha kufa inajulikana. Oili haikuitoboa. Lakini kwa mzee mwenye injini inayokwenda kilomita 30 kwa siku bila turbo, ushauri wetu ni uleule aliopewa na fundi wake: baki na mineral nzuri, badilisha kwa wakati, na pesa inayobaki nunua chujio la hewa.

Mambo mengine mawili tunayoulizwa sana tuyamalize haraka. Kuchanganya sintetiki na mineral hakuui injini. Oili za injini hutengenezwa ziweze kuchanganyika, ila faida ya ile ghali unaipoteza. Na oili kuwa nyeusi mapema kwenye dizeli si ishara kwamba imekufa. Imebeba masizi, ndiyo kazi yake. Wapo wanaomwaga oili ya siku 4 kwa sababu ya rangi, na wapo wasioibadilisha kwa sababu bado inateleza kwenye vidole. Wote wanapima kitu kisichopimika kwa macho wala kwa vidole.

Pikapu mpya zenye chujio la moshi

Magari mapya, hasa yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya, yana chujio kwenye bomba la moshi linalokamata masizi na kuyachoma. Masizi yanaungua, majivu yatokanayo na kemikali za oili hayaungui. Yanabaki na kuziba. Gari la namna hii linahitaji oili ya majivu machache, mara nyingi yenye alama ya ACEA C2 au C3 kama kitabu kinavyosema, na kwa kawaida hizo ni sintetiki. Hapa hakuna mjadala wa kuokoa pesa. Angalia pia kijiti cha kupimia: kama oili inapanda badala ya kushuka, huenda dizeli inaingia ndani yake kila gari linapojaribu kuchoma masizi na kukatishwa kwa safari fupi. Usifurahie kwamba gari halili oili.

Dizeli yetu yenyewe imebadilika. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zimetumia kiwango cha salfa kisichozidi sehemu 50 kwa milioni, kidogo kuliko cha nyuma. Salfa ndiyo huzaa asidi ndani ya oili, kwa hiyo oili ya leo haipigwi na asidi kama ile ya miaka ya 2000. Ila dizeli ya madumu ya barabarani hatuwezi kuisemea.

Oili feki: yaliyotukuta sisi

Tungependa kusema haya kwa majina, lakini hatutayataja. Pikapu ya kituo chetu, ile mnayoiona kwenye matangazo ya mikutano, iliwahi kuwekewa oili ya sintetiki iliyonunuliwa kwenye duka moja kwa bei nzuri mno. Dumu lilikuwa zuri na stika inang'aa. Baada ya kilomita 2,000 hivi dereva wetu alimwita fundi kwa sababu injini ilikuwa imebadilika mlio. Oili iliyomwagwa ilikuwa nyepesi kama maji ya chai, na ilinuka moshi wa zamani. Dumu lilikuwa la kweli. Kilichokuwa ndani ndicho hakikuwa.

Biashara hiyo hutegemea madumu matupu. Kwa hiyo ukimaliza kumimina, toboa dumu au likate kabla hujaondoka gereji, usimwachie kijana anayeyakusanya. Nunua kwa wakala anayejulikana na ukae na risiti. Angalia kama pete ya kifuniko imewahi kukatika, na kama namba ya toleo iliyopigwa kwenye dumu inasomeka na haifutiki kwa kidole. Ukishuku, Shirika la Viwango Tanzania ndilo la kushughulikia ubora, na Tume ya Ushindani ndiyo ya bidhaa bandia. Wapelekee dumu na risiti. Sisi hatukuwa na risiti.

Oili ghali ndiyo inayoghushiwa kwa faida zaidi, na hilo nalo liingie kwenye hesabu yako. Kama mahali unapoishi huna duka la kuaminika la sintetiki, mineral halisi ya CI-4 kutoka kwa wakala unayemjua inakulinda kuliko dumu la kung'aa la kubahatisha.

Tulimuuliza dereva wetu anaweka nini sasa. Anaweka sintetiki ya 5W-40, anaibadilisha kila kilomita 7,000 pamoja na chujio, na chujio la hewa analikung'uta kila Jumamosi. Mhasibu analalamika kila mara.